Ficha, Onyesha, Ficha Tena

Siku ya kwanza kukaa mbele ya kompyuta, katika ofisi ya mizigo mjini Kasese, nilikuwa nimeshazeeka na kalamu. Karani Mkuu, kijana mpole, alinifundisha jedwali. "Mzee, mstari unaolala ni gari moja. Safu inayosimama ni habari zake: dereva, mzigo, karatasi. Usichotaka kukiona unaficha, ukikihitaji unaonyesha. Hakuna kinachofutika." Nikadhani nimepata kazi nyepesi. Maskini mimi.

Nikahamishiwa tawi la Bwera, chini ya Meneja, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande. Akija mkubwa kutoka Kampala: "Mzee, ficha madereva!" Mkubwa akiuliza gari fulani linaendeshwa na nani: "Onyesha!" Chai haijapoa: "Ficha tena!" Jamani, mimi ni karani au pazia?

Kilichonichosha zaidi ni magari yenye karatasi pungufu. Afande hakutaka wageni wayaone, basi nilificha mistari yake, kisha nikamsihi: "Tazama namba za pembeni. Zikiruka kutoka kumi na tatu hadi kumi na tano, ya kumi na nne ipo, imefichwa tu." Alijibu "sawa sawa" huku anachezea simu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi moja walikuja wageni, nikaficha, na walipoondoka Afande akanituma forodhani Mpondwe, mpakani na Kongo. Nyuma yangu akafika Mama Biira, mchuuzi wa samaki wabichi wa Kasenyi, ambaye gari lake lilikuwa kati ya niliyoyaficha, ameleta ile karatasi iliyokuwa imepungua. Alihitaji saini ya Afande tu ili kanta yake, lori dogo la samaki, ivuke kabla soko la ng'ambo halijafungwa. Niliporudi, harufu ilinipokea nje.

"Mama, kwa kompyuta hauko."

"Afande, mimi iko hapa! Gari iko pale! Barafu imekwisha, samaki inaoza!"

"Nimesema kompyuta haikuoni."

"Na hii harufu, kompyuta haisikii?"

Nikashika mstari wa kumi na tatu na wa kumi na tano kwa pamoja, nikabonyeza upande wa kulia wa kipanya, nikachagua kuonyesha. Kanta ya Mama Biira ikatokea katikati. "Ala!" akasema Afande. "Kumbe amefika!" Akatia saini. Soko lilikuwa limefungwa, na samaki wengi walimwagwa. Mama Biira alilia mbele yetu, nami nilitamani kumpiga mtu kwa kipanya.

Siku niliyostaafu, baada ya soda na hotuba, Afande alinivuta kando. "Mzee, kabla haujaenda, nifundishe ile ya kuficha."

Nikamfundisha, kisha nikamuuliza: "Na ya kuonyesha je?"

"Hiyo nitajua mbele ya safari."

Miaka yote ile! Nikatoka bila kuaga mara ya pili. Nje alikuwepo Mama Biira, amekalia kreti la samaki, anasubiri saini. Sikumweleza mengi. Nilivua koti la sherehe, tukashika kreti huku na huku, tukaliweka mlangoni pa Afande, upande unakotoka upepo.