Utepe Juu ya Mtama

Kabla gitaa halijaanza, kuna mtu anakohoa. Anakohoa mara mbili, karibu kabisa na maikrofoni, kisha ng'ombe analia mahali fulani kwa mbali, na hapo ndipo gitaa la kwanza linaingia polepole kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole. Binti yangu alinitumia rekodi hiyo kwa simu mwezi uliopita, nikiwa jikoni hapa Kitengela nikikata sukuma wiki. Aliyeiweka mtandaoni ameandika chini yake kwamba ni Mbuga Jazz wakiwa jukwaani Kajiado, na kwamba mwimbaji wa kike hajulikani.

Hajulikani! Niliweka kisu chini. Niwaambie ukweli, sijakasirika namna hiyo kwa miaka mingi, na sioni haya kuwaeleza kwa nini.

Mbuga Jazz walikuwa bendi ya wimbo mmoja kwa nusu saa. Wakishaingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, hawarudi. Gitaa linauliza, lingine linajibu, mpiga ngoma anabadilisha mwendo, mchezaji akichoka anaenda kula nyama choma, na akirudi anakuta wimbo ni ule ule. Wimbo haukupigwa sawa siku mbili, ndiyo maana wapenzi wao walitafuta kaseti za jukwaani na kubishana kama ya Namanga ilikuwa tamu kuliko ya Kajiado.

Mama yangu aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Tulikuwa tumehamia huku kutoka Bungoma, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na nyuma ya nyumba yetu ya mabati tulikuwa na kipande cha mtama ambacho ndege walikila zaidi yetu. Jirani yetu alikuwa Mama Naserian, mwanamke mrefu mwenye mbuzi sita, aliyetuamkia kwa Kimaasai, "Sopa!", kabla hata hatujafungua mlango. Kaka yake alipiga gitaa la besi kwenye bendi hiyo.

Jumapili moja Mbuga Jazz walikuja kupiga Kajiado, karibu na soko la mifugo, na mwimbaji wao wa kike akashikwa na homa. Mama Naserian alitukuta tukitoka ibadani.

"Mama Nekesa, wewe uko na sauti. Kuja utusaidie, ni nyimbo mbili tu."

Mama alicheka. Akanitazama mimi, akatazama jua. Baba alikuwa zamu ya mchana. Tukaenda, mama bado amefunga kitambaa cha kwaya kichwani.

Nilikuwa na miaka minane. Niliketi juu ya kreti pembeni mwa jukwaa, soda ya machungwa ikinipanda puani, nikamwona mama akiimba beti zake akiwa amekunja mikono kama yuko mbele ya mchungaji. Alipomaliza alitaka kushuka. Mpiga besi akatikisa kichwa kumkataza, na magitaa hayakunyamaza. Basi mama akarudi kwenye maikrofoni na kuanza kutunga hapo hapo. Akaimba vumbi la Kitengela, akaimba mbuzi wa Mama Naserian waliokula sketi yake kwenye kamba, akaniimba mimi na meno yangu yaliyong'oka. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka wakaanza kucheza. Sikujua kabla ya siku hiyo kwamba mama ana mdomo mpana hivyo.

Wiki chache baadaye kaka ya Mama Naserian alituletea kaseti. Mama aliificha ndani ya mkebe wa majani chai, na baba akienda kazini tuliisikiliza kwenye redio ndogo, sauti chini, kaseti yenyewe ikinukia chai.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akamwambia baba kwamba mkewe alionekana amevaa kitambaa cha kwaya akiwaimbia walevi. Baba hakupiga kelele. Aliniuliza mimi, kwa upole, kama ni kweli mama ana kaseti. Nami, kwa fahari yote ya mtoto wa miaka minane, nikamletea mkebe.

Alitoa utepe wote. Aliufunga kwenye vijiti juu ya mtama, mstari baada ya mstari, ili ufukuze ndege, na aliyemshikia ncha nilikuwa mimi. Nilidhani ni mchezo. Upepo ulipovuma, utepe ulitetemeka na kutoa mvumo, ukametameta juani, nikakimbia chini yake huku na huku nikipiga kelele za furaha. Mama alikuwa akipalilia pale pale. Hakuinua kichwa. Jumapili iliyofuata kanisani walimsimamisha mbele akatubu, wakamwondoa kwenye kwaya. Tangu siku hiyo sikumsikia akiimba, hata akiosha vyombo. Nilifikiri labda wanawake wakizaa watoto watatu sauti huisha, kama meno.

Sasa rudini nami kwenye simu. Jumamosi nilikwenda Kisaju, ambako wazazi wangu wanaishi tangu baba astaafu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mama akiambua maharagwe kwenye ungo. Sikusema ni nini. Nilibonyeza tu, nikaiweka simu mezani.

Baba ni mtu wa kupenda muziki wa zamani, kama wazee wengi. Kidole chake kikaanza kugonga goti. Sauti ya kike ilipoingia, akafumba macho.

"Huyu mama ako na sauti," alisema. "Hawa wa siku hizi wanapiga kelele tu. Ni nani?"

Mama akaendelea na maharagwe yake. Nami nikanyamaza kwa makusudi. Nilitaka asifu zaidi. Nilitaka apande juu kabisa ya sifa zake. Vumbi la Kitengela likapita, mbuzi wakapita, na baba akacheka pale pa sketi. Jina langu, kwa vile mama aliliimba kwa kulivuta, hakulitambua. Kisha sauti ile ikasema mume wake anarudi kazini na saruji kwenye nyusi, amekuwa mzee kabla ya wakati, na ikamwita: Baba Nekesa, kuja tucheze kabla hujazeeka kweli.

Kidole kikasimama juu ya goti.

Gitaa likiendelea, baba akamgeukia mama.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," mama akasema. "Kajiado yote ilisikia."

Baba akaninyooshea mkono. "Nekesa, rudisha nyuma kidogo."

"Hapana, Baba."

Niko na miaka karibu hamsini, na hilo lilikuwa hapana langu la kwanza kwake. Mama akaweka ungo chini, akapangusa vidole kwa leso, akaichukua simu. "Lete," alisema. "Ni mimi nataka kusikiliza." Akatoka nayo nje peke yake, na tukamsikia akiianza tena kutoka mwanzo.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia yule mzee aliyebaki ametazama sakafu. Sikumhurumia. Miaka yote niliamini alikasirishwa na alichosikia kwenye kaseti ile, na kumbe hakuwahi kuisikiliza hata dakika moja. Maneno ya watu yalimtosha. Aliharibu mwaliko wake mwenyewe bila kuufungua, kisha akasahau.

Lakini hasira yangu haiishii kwake. Watu walisifu sana utulivu wa nyumba yetu, na mimi nilisifu pamoja nao. Siku ya harusi yangu nilisimama mbele ya wageni nikamshukuru mama kwa kunifundisha kwamba mwanamke mwema ni mnyamavu. Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga, akinitazama, mpaka wote walipoacha.