Weka Kidole Chako

Jumamosi nilisimama kwenye meza ya muuza vifaa pale Chang'ombe, na nilichokiona bado sijakiamini. Nilikuwa nimeshika kisu cha kukunja chenye makali matano, msumeno mdogo na kifungulia chupa, vyote vinang'aa. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni unatafuta hela.

Akaja mama mtu mzima, muuza machungwa.

"Shikamoo mama," muuzaji akamwamkia, akampa kisu kama changu. "Chukua hiki, bei rahisi, chuma kigumu. Hakijifungi hovyo."

"Marahaba, mwanangu." Mama hakutazama mng'ao. Alifungua kile kisu, akamsogezea. "Mie hela ya kununua mara mbili sina. Weka kidole chako hapa kinapofungia, nibonyeze mgongoni mwa kisu."

Muuzaji alitazama kisu, akatazama kidole chake. Kisha mikono yote miwili akaificha nyuma.

Nikautoa mkono mfukoni bila hela.

Kwa aibu, muuzaji akatoa kisu kingine mfukoni mwake: mpini wa mbao, makali mawili tu, kimekuwa cheusi kwa kutumika. Akakifungua, akaweka kidole bila wasiwasi. Mama akabonyeza. Hakikutikisika.

"Nipe hicho. Bei gani?"

"Hiki hakiuzwi, mama. Hiki natumia mwenyewe."

Mama akasonya, akabeba beseni lake la machungwa akaondoka. Nami nikakirudisha changu mezani polepole, kwa ncha za vidole.

Siku hizi siulizi bei kwanza. Namuuliza muuzaji cha kwake kiko wapi.