Jumamosi za Kusugua Shaba

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Auderghem, mtaa wa Brussels ambao nimeukwepa kwa miaka mingi. Mimi ni mhudumu wa wazee. Naenda majumbani kuwaogesha, kuwavisha, kuwapikia supu. Mzee wangu mpya, kumbe, anakaa nyumba tatu tu kutoka ile tuliyoishi nilipokuwa mtoto. Nilisimama mvuani nikaitazama. Wameipaka rangi nyeupe. Kile kidirisha cha chini, kilichokuwa usawa wa miguu ya wapita njia, wamekiziba kwa matofali. Nilichelewa kazini robo saa, na tangu siku hiyo sijatulia. Acha basi nikusimulie.

Tulifika Ubelgiji kutoka Bujumbura tukiwa watu watatu: Bibi, Mama na mimi. Bibi alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Baba hakuwepo tena. Niliambiwa alipata ajali njiani, na kwa kuwa nyumbani hakuna aliyependa kulizungumza, nami sikuuliza. Tulipanga vyumba viwili vya chini. Juu yetu alikaa mwenye nyumba, Mbelgiji mzee aliyefiwa na mkewe. Alikuwa amezaliwa Katanga, akaondoka kule akiwa kijana, na Kiswahili cha kule hakikuwa kimemtoka. Siku ya kwanza aliposema, "Karibu, maman, miye ndiye jirani yako," Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya masanduku. Mimi nilimwita tonton, yaani mjomba.

Mama alisafisha maofisi, hata Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi zilikuwa zangu na Bibi. Asubuhi tulikwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, kununua ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, mawese na unga wa muhogo. Mchana nyumba nzima ilinuka kwetu. Tukishamaliza kula, chini ya sakafu ya jikoni mlio ulianza. Tu. Kimya. Tu. Bibi aliinua kichwa akasema, "Jirani anakamua mawese." Chumba kile cha chini ya ardhi Wabelgiji walikiita "cave", naye Bibi akakiita kavu, ingawa kuta zake zilitoka jasho mwaka mzima.

Siku moja nilishuka kuangalia. Tonton alikuwa akitengeneza risasi. Bunduki yenyewe aliifungia kabatini kwake juu na sikuwahi kuiona. Pale chini zilikuwa zile ncha tu, zinazoruka. Yeye na wazee wenzake watatu walikuwa na kibali, na kila Jumapili walikwenda kulenga shabaha, kutoboa karatasi. Wenzake walinunua dukani. Yeye alizishindilia mwenyewe, bila moto, bila kuyeyusha chochote. Kipande cha risasi, ile metali laini ya kijivu, kilitiwa ndani ya kikombe kidogo cha shaba, kikombe kikaingia katika kalibu ya chuma, kisha tonton akaulalia mkono wa mashine kwa uzito wake wote. Kilichotoka kilikuwa kimevaa koti la shaba, kimechongoka, kinang'aa kama pete ya bibi harusi.

"Ona," aliniambia, "ku Kiswahili, risasi ni jina ya hii ya majivu, na tena ni jina ya ile yenye kutoka ku bunduki. Français, Kifaransa, iko na majina deux, mbili. Alors, Kiswahili haifiche kitu."

Kazi yangu ilikuwa kusugua. Zilitoka zikiteleza kwa mafuta ya sufu ya kondoo, nami nilizifuta kwa kitambaa mpaka nikaona pua yangu ndani yake, kisha nikazisimamisha kwenye kibao kama wanafunzi mstarini. Alinivalisha glavu za marehemu mkewe, na kabla ya kupanda ngazi sharti ninawe mara mbili kwa sabuni, kwa sababu risasi ni sumu. Palikuwa na jiko dogo, redio iliyokoroma, na biskuti za mdalasini ndani ya kopo. Shuleni mwalimu alikuwa amenikalisha nyuma kwa sababu sikujua lugha. Pale chini hakuna aliyenisahihisha. Bibi nilimwambia tunatengeneza vitu vya shaba, na sikuwa nimedanganya.

Halafu Jumamosi moja nilitia risasi moja mfukoni. Nilitaka tu Bibi aione jinsi ilivyo nzuri. Nilimkuta anachambua ndagala kwenye sinia.

"Bibi, angalia. Nimekuletea dhahabu."

Aliipokea, akaigeuza, kisha vidole vyake vikasimama. Nilisubiri anisifu. Akaiweka juu ya meza taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Umeitoa wapi?"

"Kavuni. Mimi ndiye niliyeisugua."

Aliisukuma sinia kando. "Mjukuu wangu," akasema, "baba yako hakupata ajali. Kitu kama hiki ndicho kilichomtoa duniani."

Sikulia. Nakumbuka nilitazama mikono yangu tu. Bibi alijitanda kitenge, akaichukua ile risasi, akanishika mkono tukashuka. Hakuwa ameshuka ngazi zile hata mara moja. Tonton alipotuona alisimama, akitabasamu, mpaka alipoona kilichokuwa kiganjani mwa Bibi.

"Sikuja kugombana, papa," Bibi alisema. "Nimekuja kurudisha. Mtoto alichukua bila ruhusa."

"Haizuru, maman. Ni ya muchezo tu, tunapigaka ku karatasi."

"Najua. Niambie, moja unaitengeneza kwa muda gani?"

Tonton alifikiri kidogo, maskini, akidhani anaulizwa habari za ufundi. "Dakika dix, kumi, tangu mwanzo."

"Mwanangu nilimlea miaka thelathini na mmoja," Bibi akasema. "Akaondoka kwa moja."

Redio ilikuwa ikiendelea. Tonton alikaa juu ya kigoda, akavua miwani. "Maman," alisema, "sikujua. Miye sikujua."

Jumamosi iliyofuata chini ya sakafu palikuwa kimya. Baada ya majuma mawili wale wenzake walikuja, wakaipandisha mashine ngazini wakihema, wakaondoka nayo. Walikuja tena mara moja au mbili kumchukua Jumapili, akakataa, nao wakaacha. Akawa mtu wa dirishani. Bibi alinituma nimpelekee sahani ya maharage, na sahani ilirudi ikiwa imeoshwa, na juu yake matufaha mawili.

"Sikumwambia aache," Bibi alirudia peke yake jikoni. "Mimi sikumwambia aache." Mwishowe alipanda kwake, nami nyuma yake.

"Papa, rudia kazi yako. Hukumuua mtu."

"Siwezi tena, maman. Kila nikikumbuka ile mukono ya mashine, ninaona mutoto yako."

Bibi akavuta kiti. Wakakaa wawili wakitazama mvua mpaka nikachoka nikashuka peke yangu.

Masika ya mwisho ya tonton pale, binti yake alimchukua wakaishi pamoja mji mwingine. Nyumba ikauzwa, sisi tukahamia mtaa wa Saint-Gilles. Habari za kifo chake zilitufikia zikiwa zimechelewa, hata mazishini hatukwenda. Bibi naye tumemzika hapa hapa Brussels, mbali na mwanawe.

Hakuna aliyewahi kunigombeza kwa kilichotokea. Afadhali mtu angenigombeza. Mtoto mmoja alitia kitu mfukoni, akamvunja moyo bibi yake upya, na mzee mpweke akapoteza furaha pekee aliyobakiwa nayo. Lakini kuna jambo zito kuliko hilo, na sikumwambia Bibi mpaka anaingia kaburini. Nilizikumbuka zile Jumamosi. Wiki baada ya wiki, hali nikijua baba yangu alikufa vipi, nilitamani mlio uanze tena, nishuke, nivae zile glavu. Bado natamani. Utoto wangu wote katika nchi hii haukuwa na mahali pa furaha zaidi ya pale.