Uso wa Ngozi Uliosubiri Macho

Ngozi ya mbuzi iliyoloweshwa ina harufu ya mvua na zizi, na msimu ule harufu hiyo ilijaa nyumba yetu mjini, katika komini ya Tshopo, mpaka kwenye sare yangu ya shule. Mama alikuwa fundi wa picha za ngozi. Aliisukuma ngozi mbichi kwa vidole kutoka nyuma mpaka pua na mashavu yakainuka, akachora mikunjo kwa mgongo wa kijiko, kisha akajaza nyuma vumbi la mbao lililochanganywa na gundi ili uso usibonyee. Ngozi ikishakauka haibembelezeki tena. Mimi sikuwa na subira hata ya kukoroga rangi.

Papa, baba yangu, alikuwa ameteremka mto kwenda Barumbu kununua samaki wakavu, akakawia, na hakuna aliyeleta habari zake. Kila nikitoka shule nilikimbilia mtoni kutazama abiria wakishuka, nikarudi peke yangu, nikashindwa kukaa, nikashindwa kula. Mama alichagua ngozi nzuri kuliko zote, akaanza kumtengeneza papa kwa kumbukumbu: mashavu ya kushiba, kidevu cha ubishi, kicheko chake cha upande mmoja. Akampaka rangi, akamvika shati la buluu. Macho akayaacha.

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Macho ya mtu aliye hai aliyapaka mwenyewe akiwa ameketi mbele yake. Ya marehemu tu ndiyo aliyapaka kwa kumbukumbu. Nilijua hivyo, lakini uso ule ukutani ulininyima raha.

"Mama, mutie macho basi. Iko kama kipofu."

"Nimutie macho? Donc kwako papa alisha kufa?"

Niliona basi kwamba aliogopa kuliko mimi: brashi nyembamba ya macho aliiosha kila asubuhi, wala hakuitumia.

Papa alirudi mchana mmoja wa mvua, nguo zikimpwaya. Malaria ilikuwa imemlaza huko mpaka mashavu yakaisha. Nilimrukia nikilia, nusura nimwangushe. Akautazama ukuta, akacheka kwa upande mmoja.

"Alors, huyu mutu wa kushiba ni nani?"

"Ni weye mwenye uliondoka," mama akasema, akimsogezea kiti. "Ikala hapa, nitie macho."

Mashavu ya ngozi hayakuweza kupunguzwa tena. Mama akapaka macho aliyoyaona mbele yake, yaliyozama na kuchoka, juu ya uso wa yule aliyetuaga. Papa kwa mara ya kwanza hakumtania.

Leo kazi hiyo naifanya mimi, na subira bado sina. Binti yangu anasoma Lubumbashi. Kila siku ananitumia picha kwenye simu, naona hata chunusi zake, ilhali zamani mto haukutuambia lolote. Uso wake wa ngozi uko ukutani, umekauka, umepakwa rangi. Ningeweza kuyatoa macho kwenye simu na kumaliza leo hii. Badala yake, kila asubuhi naiosha brashi nyembamba, naianika dirishani.