Doa Jekundu la Rondo

Juzi, nikiwa kaunta ya ofisi ya kilimo mjini Lindi, nilimsikia bwana shamba akimwonyesha mama mmoja wa Rondo picha iliyopigwa kutoka angani, kwa kamera inayoona rangi ambazo jicho halizioni. Mikorosho ya kijiji kizima ilikuwa ya buluu. Ya mama huyo peke yake ilikuwa doa jekundu.

"Kompyuta imelitia alama shamba lako, mama. Kuna ugonjwa gani?"

"Yangu mizima, baba. Mimi dawa ya salfa nanunua dukani, napuliza mwenyewe. Wenzangu bado wanangoja ya ushirika, na mikorosho yao yote imeshikwa na ubwiriunga."

Bwana shamba akacheka. "Kumbe! Mashine hii haijui mzima wala mgonjwa. Inamtafuta tu asiyefanana na wenzake."

Mama hakucheka. Alilifunika doa kwa kiganja. "Basi lifute, baba. Wakiliona kule, watasema nimewaroga."

Nilitoka nikiistaajabia mashine hiyo. Imepandishwa hadi angani kufanya kazi ambayo vijijini kwetu tunaifanya tangu zamani, tena bila umeme.