Pole kwa Mtoto Aliye Hai

Huku kwetu Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda likizo. Mimi ni Mama Kapya. Jina la Bijou nililobatizwa nalo analikumbuka padri na mume wangu, na huyo mume nina mashaka naye. Jirani yangu Edith ni Mama Exaucée, na mumewe Donat ni Baba Exaucée, kwa kuwa Exaucée ndiye mtoto wao wa kwanza. Hata wenyewe, wakiwa wawili tu nyumbani, huitana hivyo.

Edith hupika munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi kinachotiwa mizizi na kuachwa kichachuke. Wake ni mtamu, nasema hivyo ingawa nami napika na tunagombania wateja. Alimzaa Exaucée kwa shida kubwa, mtoto akachelewa kulia, na mpaka leo hajatembea wala kusema neno. Shingo haimtii. Lakini masikio yake yanatushinda sote: pikipiki ya baba yake ikikata kona tu, anaanza kucheka. Donat alikuwa akimfunga mgongoni kwa kitenge na kwenda naye misa, mwanaume mzima, fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimcheka, naye akawacheka. Nilimpenda kwa hilo, na nalisema mapema kwa sababu baadaye nitamsema vibaya.

Kaka yake Donat, Godefroid, anaishi ng'ambo, katika nchi moja ya baridi inayotafuta mafundi. Alimtafutia Donat kazi. Donat alifurahi zaidi kwa ajili ya Exaucée. Aliambiwa huko wana viti vya magurudumu, wana walimu wa watoto kama yeye, wana madaktari wa kunyoosha misuli. Alikuja mpaka uani kwangu kunipasha habari.

"Mama Kapya, kule Exaucée atasoma! Unasikia? Atasoma!"

Kisha Godefroid akapiga simu tena. Kumbe nchi hiyo, kabla ya kumpokea mtu na familia yake, hukadiria kila mtoto atatumia fedha kiasi gani za hospitali na shule. Mmoja akionekana mzigo, hakataliwi peke yake, wanakataliwa wote. Hata ukimwacha kwa bibi yake, wanamhesabu. "Ule mutoto musimutaje," Godefroid akasema. "Mukiisha kufika, tutaona namna ya kumuvuta."

Nilipoelezwa niliwaka. Viti wanavyo, walimu wanao, madaktari wanao. Wamekosa tu mtoto wa kukalia viti hivyo, naye ndiye hawamtaki!

Edith alikataa, akalia, akakubali. Exaucée hakuandikwa kwenye faili.

Siku ya kupimwa afya, katika kliniki moja ya mjini iliyokubaliwa na nchi hiyo, waliniachia Exaucée. Lydie, mdogo wake, alivalishwa gauni la komunyo. Njiani Donat alimwonya mkewe: "Leo mi niko Donat, we uko Edith. Usisahau." Akaitikia. Jaribu wewe. Mhudumu alipoita "Madame Edith", mama wa watu alikaa tu kwenye benchi akingoja huyo Edith ainuke, mpaka Lydie akamvuta mkono.

Daktari alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo linaloniudhi. Akampima Lydie, akaja kwa Donat. Sasa Donat haogopi cheche za moto, lakini sindano inamtoa roho. Damu ilipoanza kutoka akayumba kitini. Edith akaruka kumshika.

"Baba Exaucée! Baba Exaucée, uko unaanguka!"

Daktari ni mtu wa hapa hapa Lubumbashi, hakuhitaji kuelezwa. Akamtazama Lydie, akatazama faili.

"Exaucée njo nani?"

Donat, jasho likimtoka, akawahi: "Premier-né, mutoto wetu wa kwanza, docteur. Alikufaka."

Lydie alifungua mdomo, mama yake akambana mkono. Daktari akavua miwani. "Oh. Pole sana, mama."

Sisi tumelelewa hivyo: ukipewa pole, unaipokea. Humwachi mtu amesimama na pole yake mkononi. Edith akaitikia kabla hajafikiri.

"Merci, docteur."

Walipofika kwenye ngazi, Edith akasimama. Aliniambia baadaye kwamba uongo wa mumewe haukumuumiza sana, kwa kuwa mwanaume alikuwa na hofu na alisema tu. Yeye ndiye aliyepokea pole, na pole ikishapokelewa, msiba umekuwapo. Akageuka kurudi ndani. Donat akamkamata kitenge.

"Mama Exaucée, acha! Tuliisha kupita!"

"Na ile jina unaniitia ni ya nani?"

Akajinasua, akaingia bila kubisha hodi.

"Docteur, ile pole yako minairudisha. Mutoto yangu haikufa. Iko kwa voisine, jirani yangu. Hatembee, hasemi, kichwa yake haisimame muzuri. Njo mutoto yangu ya kwanza."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema itabidi aandike yote aliyosikia. "Ata mungesema kweli tangu mwanzo, mama, bangekatala. Sasa batakatala mara mbili."

Walikataa, wote wanne. Donat sasa anachomelea vyuma mjini Kipushi na kurudi Jumamosi. Kumbeba mtoto ameacha, anasema amekuwa mzito. Siwezi kumchukia. Kila akimtazama mtoto nadhani anasikia kile alichokisema, na mkewe hajawahi kumsaidia kukisahau. Wanakula sahani moja bila maneno, na inanihuzunisha kuwaona.

Juzi nilikuwa kwao, tunachuja munkoyo, Lydie akitushikia kitambaa. Akauliza bila kuinua macho:

"Mama, kama yaya Exaucée alikufaka kweli, tungeenda?"

Edith angeweza kumdanganya. Lakini uongo ulikuwa umemtosha.

"Eyo. Tungeenda."

Lydie akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushika kitambaa. Ni mtoto mwema. Tangu akiwa mdogo kabisa nimemwona akimfuta dada yake udenda na kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Lakini tangu jioni ile Edith hawaachi tena wawili hao peke yao. Akienda sokoni, hupita kwanza kwangu na Exaucée mgongoni. Anasema Lydie ana masomo mengi, asisumbuliwe. Nampokea mtoto, simwulizi anaogopa nini.