Mbeba Mawe ya Mizani

KYARUMBA, Kasese. Ukungu bado umeukalia mlima, na Nobert Masereka anapanda njia ya kahawa akiwa na sanduku la mbao kichwani. Wanawake wanaoteremka na ndizi wanampisha huku wakicheka.

"Kilo iko nakuja!" mmoja anapaza sauti, akimwita kwa jina walilompa, na habari inatangulia kufika mlimani.

Sandukuni mna mawe ya chuma ya serikali, ya kukagulia mizani za wafanyabiashara. Gari la wakaguzi huishia barabarani. Kutoka hapo ni shingo ya Nobert, kijana wa Bwera mwenye miaka ishirini na tisa. Nyuma yake anahema mkaguzi, Bi Ayaa, mzaliwa wa kaskazini kusiko na milima ya namna hii, na hajaisamehe mpaka leo.

Kazi hiyo humpa Nobert shilingi elfu kumi na tano kwa siku, pamoja na lawama.

"Batu beko nasema mimi ndio serikali," anasema, akimaanisha watu wa mlimani. "Mimi nabeba tu."

Mwaka jana, 2015, mawe hayo nusura yamkoseshe mke. Mnunuzi pekee wa kahawa kwenye kilima hiki ni mzee Asanasio, baba wa Ronah, mchumba wake. Siku moja kabla ya ukaguzi, mzee alimpigia simu.

"Aliniambia, 'Mutoto yangu, ile mto inateleza. Sanduku ikianguka mu maji, nani atakuuliza?'" Nobert anacheka hadi sanduku linatikisika. "Nilivuka polepole, kama nimebeba mutoto. Nilikuwa nawaza Ronah. Lakini mama yangu pia anauzaga kahawa kwa mizani ya watu."

Jiwe la kilo ishirini lilipotundikwa, mizani ya mzee ilisoma kumi na nane. Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakapiga yowe. Bi Ayaa akamtoza mzee faini na kuamuru mizani ikatengenezwe Bwera. Na wa kuiteremsha alikuwa nani? Nobert huyo huyo.

"Mzee hakunisalimia. Nikajua bibi yangu imekwenda."

Mizani ilipotengenezwa na kupigwa muhuri, Nobert aliipandisha tena bila kudai hata shilingi. Wakulima waliokuwa wameanza kupeleka kahawa ng'ambo ya bonde wakarudi mmoja mmoja. Siku hizi mzee humwonyesha kila mpita njia ule muhuri, utadhani yeye ndiye aliyeomba kukaguliwa.

Leo anamvutia Bi Ayaa kigoda kwa mikono yake mwenyewe. Jiwe linatundikwa. Ishirini kamili!

Harusi ya Nobert na Ronah ni Desemba hii. Namuuliza mzee kuhusu mahari.

"Ataleta mbuzi kumi na mbili," anajibu bila hata kutabasamu. "Na kila moja itapanda kwa hii mizani. Sasa haidanganyi."

Nobert anainama, anajitwika sanduku lake.

"Nimeanza kuwalisha, mzee. Mbuzi beko nanenepa."